Mji wazi si maficho ya askari

Katika vipindi vyetu vya elimu kwa umma swali hili halikosi: "Vita ikija, kwa nini mji usitangazwe tu kuwa wazi, watu wakalala salama?" Nia ni njema. Tatizo ni hilo neno "tu".

Mji wazi ni mji ambao adui anaweza kuuingia bila kupigwa risasi. Hapo ndipo ukumbi hunyamaza. Kifungu cha 59 cha Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, kinataka wapiganaji wote waondoke na silaha zao, ngome zisitumiwe kivita, viongozi na wakazi wasishambulie mtu, na pasifanyike lolote la kusaidia jeshi. Polisi wa kulinda utulivu wanaweza kubaki. Tamko lenye mipaka kamili ya eneo hupelekwa kwa upande wa pili, nao hukiri kulipokea. Ukitangaza redioni mchana, kisha malori ya risasi yakapita usiku, hujatangaza kitu.

Tanga ina kisa chake. Mwaka 1914 Heinrich Schnee, gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitaka Tanga na Dar es Salaam ziepushwe na vita, wakapatana na wanamaji wa Uingereza. London haikuridhia. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Uingereza HMS Fox aliwaarifu Wajerumani wa Tanga kwamba mapatano yamekwisha, akauliza pia kama bandarini kuna mabomu ya majini! Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambaye hakuwahi kuupenda mpango wa Schnee, akapakia askari kwenye treni kutoka Moshi. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameshindwa.

Leo masharti yakitimizwa, adui hana hiari ya kufuta hadhi hiyo. Kuushambulia mji huo kwa makusudi ni uhalifu wa kivita. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inaweza kutoa kifungo kisichozidi miaka 30, au cha maisha kwa kosa zito mno, pamoja na faini na kutaifisha mali iliyotokana na uhalifu. Kusema "niliamriwa" kwa kawaida hakukuokoi.

Na bendera nyeupe, ambayo huulizwa kila mara? Hiyo ni ya kuomba mazungumzo au kusalimu amri. Alama ya mji wazi hukubaliwa na pande zote mbili, ikawekwa mipakani na kwenye barabara kuu, mahali inapoonekana.