Kasi ya sayari haijali uzito wake

Kila ninapofundisha mfumo wa Jua kwa wanafunzi wangu hapa Mombasa, swali halikosi: “Mwalimu, Mshtarii inajikokota kwa sababu ni nzito?” Kweli inajikokota. Dunia hukimbia takriban kilomita 29.8 kwa sekunde, na Mshtarii kilomita 13 tu. Na kweli ni nzito, maana tungamo yake ni mara 318 ya Dunia. Lakini mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote, na ukishaelewa kwa nini, hesabu nzima ya kasi za sayari inakuwa nyepesi.

Tuanze na Dunia, kwa hesabu ya darasani kabisa. Umbali wetu hadi Jua ni wastani wa kilomita milioni 149.6. Zidisha mara 2π upate mzingo wa njia yetu, kama kilomita milioni 940. Mwaka una sekunde milioni 31.56. Gawanya: 29.8. Barabara ya kutoka hapa hadi Nairobi, inayomchosha dereva kutwa nzima, kwa kasi hiyo ingekwisha kwa sekunde 16 hivi.

Njia hiyo inakudai ujue urefu wa mwaka wa sayari. Ya pili haidai hivyo, na ndiyo niipendayo zaidi. Newton alionyesha mwaka 1687 kwamba Jua huivuta sayari kwa kani inayopungua kadiri ya mraba wa umbali: GMm/r². M ni tungamo ya Jua, m ni ya sayari, r ni umbali kati yao, na G ni namba ya uvutano isiyobadilika. Kitu chochote kinachozunguka duara kinahitaji kani ya kukipindisha kila dakika, la sivyo kitakwenda moja kwa moja. Kani hiyo ni mv²/r, ambapo v ni kasi. Ziweke sawa hizo mbili. Tazama m: iko kushoto, iko kulia, inajifuta. Kinachobaki ni

v = √(GM/r)

Sayari nzito huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini pia ni ngumu zaidi kupindishwa, na kwa kiwango kilekile. Ukiweka jiwe mahali pa Mshtarii, nalo litakwenda kilomita 13 kwa sekunde. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika fizikia, na huwaambia wanafunzi wasilipite haraka.

Hapo ndipo kikokotoo kinapoweza kukaa pembeni. Chukua umbali wa Dunia hadi Jua kuwa 1, kisha gawanya 29.8 kwa kipeuo cha pili cha umbali wa sayari unayoitaka. Mshtarii iko 5.2; kipeuo chake ni 2.28; jibu ni 13.1. Zuhura, 0.723, inakwenda 35. Mirihi, 1.52, inakwenda 24.1. Zohali, ambayo iko mbali karibu mara 9.6, haifiki hata 10. Mwaka wa sayari nao unaupata papo hapo, ukizidisha umbali kwa kipeuo chake: 5.2 mara 2.28 ni miaka 11.86 ya kwetu, ambao ndio mwaka wa Mshtarii. Mwanafalaki Kepler aliigundua kanuni hii na kuichapisha mwaka 1619 akitumia vipimo vya angani tu, kabla Newton hajazaliwa.

Sasa, nimesema “duara”, na njia za sayari ni duaradufu. Kwa hiyo kasi hupanda na kushuka. Utaridi ndiyo iliyozidi: ikiwa karibu na Jua hufika kilomita 59 kwa sekunde, na ikiwa mbali hushuka hadi 39. Mlingano wake ni v² = GM(2/r − 1/a), ambapo r ni umbali wa wakati huo na a ni wastani.

Dunia nayo hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo. Mapema Januari, kaskazi ikivuma, tuko karibu kabisa na Jua, kilomita milioni 147.1, na tunakwenda 30.3 kwa sekunde. Mapema Julai, wakati wa kusi, tuko milioni 152.1 na kasi ni 29.3. Mtu wa pwani anaweza kudhani hiyo ndiyo sababu ya joto la mwanzo wa mwaka. Siyo, London inaganda Januari hiyohiyo kwa umbali uleule. Ushahidi wa mwendo huo utafute kwenye kalenda. Hesabu siku kutoka ikwinoksi (siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana) ya Machi hadi ya Septemba: 186. Kutoka Septemba hadi Machi: 179. Nusu ya pili ni fupi kwa sababu tunaipita mbio zaidi.

Mlingano uleule hufaa kwa chochote kinachoizunguka Dunia, ila M iwe ya Dunia. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilihitaji kama kilomita 7.6 kwa sekunde. Mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,400, unahitaji 1.02 tu, na humaliza mzunguko kwa siku 27 na saa kadhaa. Mbona basi mwezi mwandamo hungojewa siku 29 au 30? Kwa sababu katika siku hizo 27 Dunia nayo imekimbia kilomita zaidi ya milioni 70 kulizunguka Jua, na Jua linaonekana limesogea mahali pengine kati ya nyota. Mwezi unalazimika kuendelea siku mbili na zaidi ili ulifikie tena, ndipo tuuone ukiandama.