Mbwa mwitu, fisi na ndege wa Sabaki: dhana tulizozoea na ukweli wake

Tanga mbili ikiingia, kaskazi ikilegea na kusi ikiwa bado haijashika, Malindi hubaki na wenyeji wake. Hoteli nyingi hufunga, mawingu ya masika hujikusanya juu ya bahari, na utasikia watu wakisema kwamba msimu wa kutazama wanyama na ndege umekwisha. Miezi hiyohiyo, Machi hadi Mei, huko kaskazini mwa dunia ni majira ya kuchipua: theluji inayeyuka, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kukaa siku nzima na darubini wakiwangoja mbwa mwitu wa kijivu. Picha zao hutufikia kwenye simu, pamoja na maelezo ambayo mengi si kweli. Vijana wetu wameyameza maelezo hayo, na wakati huohuo wamerithi mengine yasiyo kweli kuhusu wanyama wa hapa kwetu. Naona makosa haya mawili yana mzizi mmoja: tunamtafuta mnyama wa hadithi, na yule aliye mbele yetu anapita hatumwoni.

Dhana: Kundi la mbwa mwitu huongozwa na dume aliyewapiga wenzake wote

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Imetoka porini ikaingia kwenye mawaidha ya vijana, hata mtu anaambiwa kwamba asipowakandamiza wenzake hatakuwa mwanamume kamili. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofugwa ndani ya uzio. Wanyama wasiojuana waliwekwa mahali pamoja bila njia ya kuondoka, wakagombana, na mwenye nguvu akawa juu. Mmarekani David Mech aliieneza fikra hiyo mwaka 1970. Baadaye alikaa miaka mingi karibu na mbwa mwitu walio huru huko kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba kundi la kawaida porini ni familia: baba, mama na watoto wao waliozaliwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita. Wanaoongoza ni wazazi. Hawakupigania cheo, walipata wenza, wakazaa, basi. Kijana akikomaa huondoka akatafute mwenzi na ardhi yake.

Ukiijua habari hii, siku ya kuwatazama inabadilika kabisa. Chukua Bonde la Lamar katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Mbwa mwitu wa mwisho wa hapo waliuawa mwaka 1926, kwa amri ya serikali yenyewe. Mwaka 1995 waliletwa 14 kutoka Kanada, na mwaka 1996 wakaletwa 17 wengine. Kizazi chao kipo hadi leo. Watoto huzaliwa katikati ya Aprili, ndani ya pango, vipofu na viziwi. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, na baada ya wiki tatu wanaanza kuchungulia nje. Ndiyo sababu majira ya kuchipua ni mazuri kwa mtazamaji: familia haihamihami. Wakubwa hutoka kuwinda na kurudi palepale, na nyama huileta tumboni kisha huitapika mbele ya watoto. Hata ndugu wakubwa wa mwaka uliopita hulisha wadogo zao. Anayesubiri ugomvi wa vyeo atachoka bure, na kazi ya ulezi inayofanyika mbele ya macho yake itampita.

Katika siku hiyo hiyo ataona pia dubu waliotoka katika usingizi wa baridi, na ndama wa baisani, yule nyati mwenye nundu wa Marekani, wakiwa na manyoya ya rangi ya kutu kando ya mama zao. Na ataona mbwa mwitu wakikimbiza wakirudi mikono mitupu. Hilo ni jambo la kawaida sana. Paa mkubwa wa kule, mwenye pembe za matawi, teke lake huvunja mbavu, na mbwa mwitu wengi huumia au hufa wakiwinda.

Na huo mlio wao? Hawaulilii mwezi. Wanaitana walipopotezana, au wanawaonya majirani wasivuke mpaka. Hulia usiku wenye mwezi na usio na mwezi.

Dhana: Afrika haina mbwa mwitu wa kweli

Wapo. Juu ya milima ya Ethiopia, hasa Bale, anaishi mbwa mwitu mwekundu mwenye miguu mirefu anayekula panya-fuko. Waliokomaa hawafiki 500, na miongoni mwa maadui zake wakubwa ni kichaa cha mbwa anachoambukizwa na mbwa wa wafugaji. Na mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mnyama tuliyekuwa tukimwita mbweha wa dhahabu, anayepatikana pia Kenya, si ndugu wa karibu wa yule mbweha wa Asia aliyefanana naye. Yuko karibu zaidi na mbwa mwitu. Kwa hiyo Kenya ilikuwa na mbwa mwitu wake muda wote, akitembea mbele ya magari ya watalii akiitwa mbweha.

Huyo ni mwingine na yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano na masikio ya duara, ambaye sisi tunamwita mbwa mwitu siku zote. Mwenye mabaka ana vidole vinne katika miguu ya mbele, ambapo mbwa na mbwa mwitu wa kijivu wana vitano. Yupo Tsavo Mashariki, ambako mtu wa Malindi huingilia lango la Sala, na yupo katika misitu ya Boni na Dodori upande wa Lamu. Kuwaona ni bahati kubwa. Nao wana tabia inayoivunja zaidi ile dhana ya mbabe: utafiti uliofanywa Botswana na kutolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba kabla ya kundi kuondoka kwenda kuwinda, wanyama hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi ndipo safari inapoanza. Wakubwa wa kundi huhitaji chafya chache ili wafuatwe, lakini hata wao hawaamui peke yao. Na mawindo yakipatikana, watoto hula kwanza.

Dhana: Fisi ni mwoga, mla mizoga, tena farasi wa wachawi

Hapa naumia, kwa sababu dhana hii inaua. Fisi hutegwa, huwekewa sumu, hupigwa mawe, na mpigaji huona ametenda jema.

Fisi madoa ni mwindaji. Mtafiti Hans Kruuk aliwafuata usiku katika Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akakuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanakiua wenyewe. Ndani ya Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuwa wakifika baadaye kunyang'anya. Mtu aliyefika asubuhi alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni, akahukumu kinyume. Wanaotawala ukoo ni majike, na cheo cha mama humfuata binti yake. Ni kweli hula mizoga pia, na ni heri wanaila, maana mizoga iliyoachwa hueneza magonjwa.

Kuhusu uchawi, sisi wa pwani hii tusijisahau. Wazee wa Kimijikenda walimheshimu fisi kwa kiasi cha kumwombolezea akikutwa amekufa. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipowakusanya Wagiriama Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, kupinga amri za Waingereza, viliapwa viapo viwili vizito: cha wanawake kiliitwa mukushekushe, na cha wanaume kiliitwa fisi. Aliyekivunja aliaminiwa kwamba atapatwa na mabaya. Mnyama aliyebeba kiapo cha jamii nzima hakuwa kitu cha kudharauliwa. Dharau ya leo haina umri mrefu kama tunavyodhani.

Dhana: Masika hakuna cha kutazama Malindi

Nenda mdomo wa Sabaki. Mto huo ni uleule unaoanza kwa jina la Athi huko bara, ukawa Galana, ukatufikia sisi mwekundu kwa udongo. Panapokutana na bahari, kaskazini mwa mji, kuna tope, fungu za mchanga na mikoko, na ndege ambao wageni hulipa pesa nyingi kuja kuwaona. Angalia maji kwanza. Yakikupwa sana, ndege hutawanyika mbali juu ya tope wakila. Yakianza kujaa, husukumwa karibu nawe, wakajipanga kwenye fungu moja. Kwa hiyo fika maji yanapojaa, na ikiwa ni bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, uwe na njia ya kurudi.

Mwezi wa Aprili watazame vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Desemba walikuwa na rangi ya kijivu isiyovutia. Sasa vifua vyao vimekuwa vyekundu kama matofali, na miili imenenepa. Wanakula mchana na usiku, maana safari iko mbele. Hao huenda kuzaa Siberia, hadi rasi ya Taimyr, ambako mwezi wa Juni theluji ndiyo kwanza inaondoka na ambako mbwa mwitu hulea watoto wao. Yale majira ya kuchipua tunayoyatazama kwenye simu huanzia kwenye tope letu, kwa minyoo na kaa wadogo wa Sabaki.

Uhusiano huo ni mkubwa kuliko unavyofikiri. Kule tundra, nchi ya baridi isiyo na miti, kuna panya wadogo wanaoitwa lemingi, ambao miaka mingine huwa wengi mno na miaka mingine hupungua. Wakiwa wengi, mbweha weupe hushiba lemingi. Wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na mwisho wa mwaka huo makundi ya vitwitwi yanayorudi Afrika huwa na vijana wachache. Mtu aliyesimama Sabaki akihesabu ndege wa mwaka wa kwanza anaweza kukisia hali ya panya wa Siberia. Sijui elimu nyingine ipatikanayo bure kiasi hicho ufukweni.

Wakati hao wanaondoka, wengine ndio wanaanza. Mnana wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani ila kaunti hii, alijulikana kwa miongo mingi bila mtu wa sayansi kujua anakojenga. Viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 huko Dakatcha, magharibi mwa Malindi, katika bwawa la msimu lililojaa maji ya mvua. Bila mvua bwawa hilo halipo, na bila bwawa hakuna kiota. Anayesema masika ni msimu mtupu hajafika Dakatcha.

Dhana: Sange ni panya mkubwa

Ingia Arabuko-Sokoke kupitia Gede, uchukue mwelekezi wa hapo, utembee polepole bila kuongea. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ndio kipande kikubwa kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Utasikia majani makavu yakichakurwa kabla ya kuona kitu. Ukiwa mtulivu, atatokea mnyama wa uzito wa nusu kilo hivi, mwenye pua ndefu inayochezacheza na matako ya rangi ya dhahabu. Si panya. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na ndovu na nguva kuliko na panya yeyote. Dume na jike hushika eneo moja maishani, na hulala kwenye vichuguu vya majani wanavyovijenga chini ya miti. Huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Mtego uliowekwa kwa ajili ya paa humnasa pia, na anayemnasa mara nyingi humtupa. Huyu yumo hatarini kutoweka, na sehemu kubwa ya waliobaki wamo msituni humu.

Bundi mdogo wa Sokoke, wa sentimita 15 hadi 17, anaishi humohumo akila wadudu. Hajawahi kutua juu ya paa la mtu kutangaza msiba.

Dhana: Siku njema ni ile uliyomkaribia mnyama

Yellowstone mtu haruhusiwi kumkaribia mbwa mwitu au dubu chini ya mita 91, na watazamaji wazuri hukaa mbali zaidi ya hapo, kwa sababu mama anayesumbuliwa huhamisha watoto. Hapa kwetu naona pikipiki zikikatisha katikati ya ndege waliopumzika, na watu wakicheza sauti ya bundi kwenye simu hadi atokee. Kitwitwi anayerushwa mara kwa mara mwezi wa Aprili anachoma mafuta ya safari yake. Bundi anayeitwa na simu anaacha kulisha na kwenda kumtafuta adui asiyekuwepo. Darubini ya kuazima inatosha. Mawindo usipoyaona, hujapoteza siku.

Kuna mmoja hapa kwetu ambaye umbali wake ni kwa usalama wako mwenyewe, na watu humdharau kwa kuwa anakula nyasi: kiboko wa Sabaki. Hutoka majini jioni, hula nyasi usiku kucha na kurudi kabla ya mapambazuko. Akimkuta mtu kati yake na maji, hukimbia kuelekea majini kupitia palepale alipo mtu huyo. Basi ufike mdomoni jua likiwa limeshapanda, uongozane na mtu wa kijiji anayejua walikolala, uepuke njia zilizolazwa majani kuelekea mtoni, na uondoke giza halijaingia.