Farasi Anayekula Mchanga Hajapungukiwa Damu

Malalamiko kuhusu farasi wa ufukweni yameongezeka, na karibu yote yanafanana: farasi anakula mchanga, anatafuna mlango wa banda, analamba ukuta. Mlalamikaji hufika ofisini na jibu lake mkononi: "Amepungukiwa damu, kama mjamzito anayekula udongo." Kinachofuata ni sindano ya madini ya chuma, tena imechomwa na mtu asiye daktari. Tafadhali acheni. Upungufu wa chuma kwa farasi ni nadra sana, na sindano hiyo inaweza kumwangusha na kumuua papo hapo.

Anzeni na majani. Farasi wa kilo 400 anahitaji kwa siku karibu kilo 7 za hei (majani yaliyokaushwa), au kilo 25 hadi 30 za majani mabichi. Mzigo uliokatwa baada ya mvua una uzito wa maji, hivyo pimeni kwa mizani, si kwa macho. Akimaliza saa tatu asubuhi asiletewe kitu hadi jioni, atatafuna anachokikuta: gome, mbao, kamba, hata mavi. (Mtoto wa farasi kula mavi ya mama yake wiki za mwanzo ni kawaida, aachwe.) Kupaka mbao oili chafu ili asitafune si dawa, ni kumlisha sumu.

Chumvi: gramu 20 kwa siku akiwa amepumzika, yaani vijiko vitatu vya chai na ushee, na zaidi ya mara mbili akifanya kazi kwenye jua la Januari. Wekeni chumvi ya kawaida kwenye chombo chake, karibu na maji safi. Jiwe gumu la ng'ombe halimtoshi, ulimi wa farasi ni laini na haulikwangui vya kutosha.

Sasa pumba. Hapa ndipo tunapopishana na wafugaji kila wiki. Pumba za ngano zina madini ya fosforasi karibu mara kumi ya kalisi (kalsiamu), wakati farasi anatakiwa apate kalisi nyingi kuliko fosforasi. Akizilishwa kwa miezi, mwili huichota kalisi kwenye mifupa. Ataanza kuchechemea, leo mguu huu kesho ule, kisha mifupa ya uso na taya inavimba. Matete na baadhi ya nyasi zetu huongeza tatizo, kwa sababu zina oksaleti, kemikali inayoifunga kalisi tumboni. Kama lazima mtumie pumba za ngano, kila kilo ichanganywe na gramu 40 za chokaa ya chakula cha mifugo. Si ile ya kupaka ukuta, tumeshaulizwa. Chakula cha kuku kisimkaribie kabisa: kinaweza kuwa na monensini, dawa ya kuku ambayo huharibu moyo wa farasi.

Kujua kama mchanga umejaa tumboni, okoteni madonge sita ya mavi mapya, yale ya juu yasiyogusa ardhi. Yatieni kwenye ndoo ya maji, yavunjeni, subirini dakika 15, kisha mwageni maji taratibu. Mchanga uliobaki chini ukizidi kijiko cha chai, mwiteni daktari. Ndoo kutokuwa na mchanga haimaanishi tumbo ni safi. Malisho yawekwe kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira, kamwe si mchangani.

Utaratibu: taarifa huanza kwa afisa mifugo wa kata, kisha daktari wa mifugo wa manispaa. Njooni na lebo ya mfuko wa chakula, risiti, uzito wa majani anayopewa na tarehe tabia ilipoanza. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamtaka mmiliki amlishe mnyama wake ipasavyo, na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 haimruhusu asiyesajiliwa kutibu. Kosa ni kosa hata kama nia ilikuwa njema.

Akigaagaa, akigeuka kutazama ubavu wake au asipokunya, msisubiri foleni ya kata. Ondoeni chakula, mwachieni maji yake, pigeni simu kwa daktari. Wala msimnyweshe mafuta ya kula kwa chupa. Yakipita njia ya hewa yanaingia mapafuni.