Je, wajua kwa nini Waingereza hutenganisha "hoax" na "fraud", maneno ambayo yote mawili yana maana ya udanganyifu?

Tarehe 7 Februari 1910 manowari HMS Dreadnought, ambayo wakati huo ilikuwa fahari ya jeshi la majini la Uingereza, ilikuwa imetia nanga karibu na Weymouth ikisubiri wana wa kifalme wa Uhabeshi, ambao ujio wao ulikuwa umetangazwa kwa telegramu iliyodai kutoka Wizara ya Mambo ya Nje. Wageni walipokewa kwa heshima zote, na kwa kuwa wimbo wa taifa wa Uhabeshi haukupatikana, bendi ikapiga wa Zanzibar. Walitembezwa melini, wakastaajabia kila walichoonyeshwa, wakakataa chakula, kisha wakarudi London kwa treni. Hapakuwa na Mhabeshi hata mmoja kati yao. Walikuwa vijana wa Kiingereza waliojipaka rangi nyeusi na kubandika ndevu za bandia, akiwamo Virginia Stephen, binti wa miaka 28 ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya, na chakula walikikataa kwa kuogopa kwamba rangi ya midomoni ingefutika.

Aliyejifanya mkalimani alikuwa Adrian Stephen, ndugu yake Virginia. Ndani ya treni alijaribu kujifunza Kiswahili kutoka kitabu cha sarufi cha wamisionari, lakini maneno yakamtoka kichwani alipotakiwa kuyatumia, akaishia kutamka mistari ya mashairi ya Kilatini na Kigiriki aliyoikariri shuleni, huku akiivuruga makusudi ili isitambulike. Hakuna ofisa aliyeshtuka. Kwao Uhabeshi, Zanzibar na Kiswahili vilikuwa vitu vya kapu moja, na ujinga huo ndio uliobeba hila nzima.

Kiongozi wa kundi hilo, Horace de Vere Cole, hakuwa mgeni katika michezo ya aina hii. Mwaka 1905, alipokuwa mwanafunzi wa Cambridge, yeye na Adrian walipanga kumletea meya wa mji huo "Sultani wa Zanzibar", lakini kwa kuwa picha ya Sultani wa kweli ilikuwa imetoka magazetini, Cole akajigeuza kuwa ami yake Sultani. Meya aliwapokea, wakaonyeshwa vyuo, na baadaye Cole akalieleza gazeti la Daily Mail jinsi mambo yalivyokwenda.

Matukio yote mawili Waingereza huyaita "hoax", na ni nadra sana kumsikia mtu akiyaita "fraud", ingawa maneno hayo mawili kwa Kiswahili tunaweza kuyafasiri yote kuwa udanganyifu. Katika yote mawili kuna uongo, kuna kujifanya mtu mwingine, na kuna waliodanganyika hadharani. Wengi hudhani kwamba tofauti iko katika ukubwa wa madhara, lakini hilo halitoshi, kwa maana "hoax" inaweza kuumiza vibaya na "fraud" inaweza kuhusu fedha kidogo. Kwa maoni yangu tofauti iko katika mwisho ambao mdanganyifu anautamani. Anayefanya "hoax" anataka siku moja ijulikane, kwa sababu raha yake yote imo katika kufichuka: kama watu wa Dreadnought wangekufa wakiamini kwamba waliwakirimu wana wa mfalme, Cole angekuwa amepoteza siku yake bure. Anayefanya "fraud" hutamani kinyume chake, yaani jambo lizikwe na lisifukuliwe, kwa kuwa siku ya kufichuka ndiyo siku ya hasara yake.

Sheria nayo ina kipimo chake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuhusu kosa la "fraud" inataja njia tatu za kulitenda, ambazo ni kutoa maelezo ya uongo, kuficha habari ambayo mtu anawajibika kuitoa, na kutumia vibaya nafasi ya kuaminiwa, lakini katika zote inadai kwamba mtendaji awe amekusudia kupata, au kumsababishia mwingine hasara, na kupata huko kunahesabiwa kwa fedha au mali tu. Hati za mashtaka za Tanzania zina maneno yanayofanana na hayo ambayo wasomaji wa habari za mahakamani wanayajua vizuri: "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu". Uzito uko katika kujipatia. Vijana wa 1910 hawakujipatia mali ya mtu, na ilipotafutwa sheria waliyoivunja, haikuonekana ya maana zaidi ya kutuma telegramu kwa jina la mwingine, hata baadhi ya maofisa wakajilipizia wenyewe kwa kuwachapa wawili kati yao viboko vichache vya jina tu.

Kuna neno la tatu ambalo nadhani ndilo lenye historia tamu kuliko yote, nalo ni "con". Limekatwa kutoka neno "confidence", lenye maana ya imani, na lilienea baada ya kesi moja ya New York. Mwaka 1849 alikamatwa huko mtu aliyejulikana kwa jina la William Thompson, ambaye kazi yake ilikuwa kumwendea mpita njia akiwa amevaa nadhifu, kuzungumza naye kama waliofahamiana zamani, kisha kumuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Baadhi ya watu walimpa. Gazeti la New York Herald likambandika jina la "mtu wa imani", na jina likabaki. Tazama kwamba Thompson hakuiba kwa nguvu wala hakughushi hati. Alimfanya mwenye saa aivue mwenyewe na kumkabidhi. Huo ndio moyo wa "con": mhasiriwa anashiriki. Mtu wa Dar es Salaam anayesema rafiki yake "ameingizwa mjini" anakusudia jambo hilohilo, na kicheko kidogo kinachoambatana na msemo huo kinatokana na kwamba aliyeingizwa alitembea kwa miguu yake.

"Bluff" ni jambo jepesi zaidi. Ni neno ambalo Wamarekani walilizoesha mezani kwa wacheza karata za poka, ambapo mwenye karata dhaifu huongeza dau kubwa ili wenzake waogope na kujitoa. Anachokitaka ni kwamba asipimwe. Vijana wetu huita kuchimba mkwara.

Vita ndivyo vilivyolazimisha utofautishaji mkali kuliko wote, kwa sababu huko udanganyifu hauwezi kupigwa marufuku wote. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zilikubali wazi kwamba hila za kivita, zinazoitwa "ruse", ni halali, na ndiyo maana hakuna aliyewashitaki Waingereza na washirika wao kwa kupanga vifaru vya mpira uliojazwa upepo mwaka 1944 ili Wajerumani wasijue watashambuliwa wapi. Lakini Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza kuua, kujeruhi au kumteka adui kwa "perfidy", ambayo tunaweza kuiita hiana. Askari anayejificha kichakani kwa majani mwilini anatumia hila. Anayeinua kitambaa cheupe kana kwamba anajisalimisha, kisha akafyatua risasi, anafanya hiana. Wa kwanza amemfanya adui akosee hesabu zake, wa pili ameitumia kama silaha ahadi ambayo sheria yenyewe imempa adui, nayo ikitumiwa hivyo mara chache tu hakuna atakayeruhusiwa kujisalimisha tena.

Kipimo changu cha kuuliza mdanganyifu anatamani mwisho gani kinashindwa pale anapokufa bila kusema. Mwezi Desemba 1912 Charles Dawson, wakili aliyependa kuchimbua mambo ya kale, pamoja na Arthur Smith Woodward wa jumba la makumbusho la London, waliwaonyesha wanajiolojia mabaki yaliyodaiwa kuwa ya binadamu wa kale sana kutoka Piltdown, kusini mwa Uingereza. Yaliaminiwa na wengi kwa miaka 41. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba fuvu lilikuwa la binadamu wa kawaida, na taya, ambalo baadaye ilibainika kuwa la orangutani, nyani mkubwa wa Asia, lilikuwa limetiwa rangi na kusuguliwa meno. Dawson alikuwa amekwisha kufa tangu 1916, na ingawa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulimwelekezea yeye kidole, hakuacha neno lolote la kueleza kama alikusudia kuwacheka wataalamu siku moja au alikuwa akitafuta heshima ya kudumu. Mpaka leo vitabu vya Kiingereza vinayumba: kimoja kitaandika "hoax" ya Piltdown, kingine "fraud", na wakati mwingine maneno yote mawili hukaa katika ukurasa mmoja.