Matembe Wanaokaribia Kutaga: Mizani Kwanza, Kalenda Baadaye

Siku 10 hadi 14 kabla ya tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, kutaga yai lake la kwanza, mwili wake huanza kazi ambayo mfugaji haioni. Homoni za uzazi zikishapanda, ndani ya uwazi wa mifupa, hasa ya mapaja na miguu, hujengeka mfupa mwingine laini ambao ni ghala la kalsiamu. Ghala hilo ndilo litakalochotwa usiku ganda linapotengenezwa, wakati kuku amelala na tumboni hakuna chakula kingi. Kuku akianza kutaga ghala likiwa tupu, siku hiyo hutagundua lolote. Utagundua baada ya miezi michache, maganda yanapokuwa membamba, miguu inapolegea na mayai yanapoanza kupungua kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo wiki ya 15 hadi ya 20 zinahitaji jicho la pekee. Na kwa bahati mbaya ndizo wiki ambazo mfugaji amechoka. Amenunua chakula miezi minne mfululizo hajauza hata trei moja, na kila asubuhi anachungulia banda kwa matumaini. Wengine wakichoka hivyo huwahi kuwapa kuku chakula cha kutagia wakidhani kitaleta mayai haraka. Wengine hubana matumizi, wanaendelea na chakula cha kukuzia mpaka mayai yajae. Wote wawili watalipa, ila kwa namna tofauti.

Tuanze na aliyewahi. Chakula cha kukuzia huwa na kalsiamu karibu asilimia 1, na cha kutagia huwa na asilimia 3.5 hadi 4. Tembe wa wiki 12 au 13 hana pa kuipeleka kalsiamu yote hiyo, kwa kuwa hatengenezi ganda na hilo ghala la mifupani bado halijafunguliwa. Ziada inabidi ipite kwenye figo. Zikizidiwa, figo huvimba na kujaa chembe nyeupe kama chaki, na kuku huanza kufa mmoja mmoja bila dalili ya ugonjwa wa kuambukiza. Chakula hicho hakimharakishi kutaga hata kwa siku moja, maana kinachomfanya atage ni uzito, umri na mwanga.

Aliyechelewa naye tumpigie hesabu. Ganda moja lina kalsiamu karibu gramu 2. Tembe anayekula gramu 80 za chakula cha kukuzia kwa siku anapata kama gramu 0.8, na si yote inayosharabiwa mwilini. Kilichopungua anakitoa kwenye mifupa yake. Akifanya hivyo mfululizo miguu inakosa nguvu, analala chini na hafiki kwenye maji. Hapo mfugaji husema ni mahepe, ule ugonjwa wa virusi unaopooza miguu (Marek). Mahepe yapo kweli, na mara nyingi utamwona kuku ametanguliza mguu mmoja mbele na mwingine ameurudisha nyuma. Lakini kuku aliyeanza kutaga juzi, akapooza miguu yote huku macho yakiwa maangavu na hamu ya kula ipo, mwangalie kwanza kwa upande wa kalsiamu kabla hujanunua dawa.

Njia ya katikati ni chakula cha mpito chenye kalsiamu asilimia 2 hadi 2.5, kwa muda wa wiki mbili hivi. Viwanda vingine hukiuza tayari. Usipokipata, changanya nusu kwa nusu chakula cha kukuzia na cha kutagia, itakaribia hapo hapo. Kwa kuku 100 wanaokula kilo 8 kwa siku, wiki mbili ni kilo 112, yaani magunia mawili ya kilo 50 na kidogo juu yake. Wanaochanganya wenyewe wapandishe chokaa ya mifugo kwa hatua: katika kilo 100 za mchanganyiko, kilo 5 hivi kipindi cha mpito, kisha kilo 8 hadi 9 wakishaanza kutaga. Kwa kuku 100, ukiokota mayai mawili matatu kwa siku, mpito umekwisha. Wahamishie kwenye chakula cha kutagia chenye protini asilimia 16 hadi 18.

Neno moja kuhusu chokaa. Ile ya kupakia ukuta usiiguse kwa kazi hii, inaunguza. Tumia chokaa ya mawe iliyosagwa kwa ajili ya mifugo, au makombe ya chaza na konokono kwa walio pwani. Yasagwe, lakini nusu yake ibaki chenga za ukubwa wa punje ya mtama. Unga hupita haraka tumboni. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, muda ule ule ganda linapojengwa. Ganda peke yake huchukua karibu saa 20 kati ya zile saa 25 au 26 za kutengeneza yai zima, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za giza. Chombo cha chenga kiwekwe pembeni, kijazwe jioni, na kila kuku achukue anachohitaji.

Sasa, ni lini uanze mpito? Vitabu vitakwambia wiki ya 16 au 17. Sisi tunasema uliza mizani. Kuku wa mayai wa kahawia, kama Isa Brown, Hy-Line Brown na Lohmann Brown, akilelewa vizuri hufika kilo 1.4 hadi 1.5 kwenye wiki ya 17 na 18. Katika mabanda mengi ya wafugaji wadogo hafiki. Alibanwa kwenye vyombo vya chakula, aliugua kuhara damu akiwa mdogo, au alikulia kwenye joto la Dar es Salaam na Tanga akawa anakula nusu ya alichopaswa kula. Tembe wa wiki 17 mwenye kilo 1.15 kimwili bado ni mtoto. Mwongezee wiki mbili tatu za chakula kizuri cha kukuzia. Atachelewa kutaga, ndiyo, lakini atataga mayai ya maana na kwa muda mrefu. Kwangu mimi mizani ya kuning'iniza ya bei ndogo ina faida kuliko makopo mengi ya vitamini ambayo mfugaji hununua wakati huu.

Pima alfajiri kabla ya chakula, siku ile ile kila wiki. Kwenye kundi kubwa pima kuku 50, na kwenye dogo pima angalau mmoja kati ya kila kumi. Kamata kutoka pembe zote za banda, maana ukishika wa mlangoni tu utapata wale wachangamfu na kujidanganya. Tuseme wastani umetoka kilo 1.42. Asilimia 10 chini ni kilo 1.28, na asilimia 10 juu ni 1.56. Katika hao 50, wasiopungua 40 wawe kati ya namba hizo mbili. Wakiwa 28 au 30, una makundi mawili ndani ya banda moja. Watenge wepesi, wape nafasi na chombo chao, wasinyang'anywe na wakubwa.

Sasso na Kuroiler wana shida iliyo kinyume na hiyo. Ni kuku wa nyama na mayai, mwili wao unapenda kunenepa, na wakiachiwa chakula bila kipimo watafika umri wa kutaga wakiwa na mafuta yamezunguka kizazi. Kuku wa kienyeji anayezurura huyatafuta mahitaji mengine mwenyewe. Mara nyingi huanza kutaga miezi sita au zaidi, na anachokosa zaidi ni protini wakati wa kiangazi, pamoja na hizo chenga za makombe.

Maandalizi mwilini yakikamilika, kuku mwenyewe ataonyesha. Upanga na ndevu hukua na kugeuka kutoka rangi hafifu ya njano au waridi kuwa nyekundu ya kung'aa. Sauti inabadilika, anaingia pembeni na kuchakurachakura maranda. Ukimnyooshea mkono juu ya mgongo anachuchumaa na kutanua mabawa, akidhani ni jogoo. Kwa uhakika zaidi mshike kwa utulivu, mgeuzie nyuma, upapase ile mifupa miwili myembamba ya nyonga chini ya sehemu ya haja. Kwa tembe aliye mbali na kutaga utapitisha kidole kimoja kwa shida. Vidole viwili vikipita, yuko njiani. Vitatu vikiingia, na ngozi ya pale ni laini na yenye unyevu, yai liko karibu sana au limeshapita.

Kila usumbufu unaoweza kuepukika uishe kabla ya hapo. Kuwahamisha kwenda banda la kutagia kufanyike wiki ya 16, usiku, na watangulizwe maji. Dawa ya minyoo itolewe kipindi hicho. Chanjo ya ndui iwe ilishachanjwa bawani zamani, na ya mdondo (Newcastle) irudiwe kabla hawajaanza kutaga. Wanaotumia ya tone la jicho, ile ya I-2, waendelee kila baada ya miezi mitatu kama kawaida. Ukimkamata na kumchoma sindano tembe mwenye yai tumboni, linaweza kupasukia humo humo.

Viota navyo viwekwe mapema, wiki ya 16, ili wavizoee. Kimoja kinatosha kuku wanne au watano, upana na kina sentimita 30, kwenye kona yenye giza kidogo, kikiwa na maranda au nyasi kavu. Mayai ya chini yaokotwe haraka, maana yai likilala sakafuni huita mengine.

Mwanga ndio watu wengi huuchezea vibaya. Kwetu Afrika Mashariki mchana una karibu saa 12 mwaka mzima, na hizo zinamtosha tembe anayekua. Usimwashie taa za ziada kabla hajafikisha uzito. Mwanga mwingi humlazimisha kutaga angali mwembamba wa nyonga, yai linamrarua, kizazi kinatoka nje, na wenzake wakiona wekundu huo wanamdonoa mpaka afe. Akishafika kilo zake, ongeza saa moja alfajiri, taa iwake saa 11, kisha nusu saa kila wiki mpaka jumla ifike saa 15 au 16. Ukiweza kusoma gazeti ukiwa umechutama kwenye vyombo vya maji, mwanga huo unatosha. Na ukishaanza usipunguze. Kama umeme wa kwenu hukatika kila mara, tafuta taa ya sola, la sivyo baki na mchana wa Mungu. Kuwasha leo na kukosa kesho kunamvuruga kuku kuliko kutokuwa na taa kabisa.

Maji hayana mjadala, ni mara mbili ya uzito wa chakula, na kwenye joto kali ni zaidi ya hapo. Sehemu za joto toa chakula alfajiri na jioni, kwa kuwa saa saba mchana kuku anahema tu, hali chakula.

Liko jambo moja linatusumbua. Madukani kuna antibayotiki za unga zenye oksitetrasaiklini, zinauzwa kama vichocheo vya kutaga, na mfugaji huwapa matembe wazima kwenye maji ili waanze haraka. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu tumboni, kwa hiyo inamnyima kuku kile kile anachokihitaji wiki hizi, na mabaki yake huingia kwenye mayai tunayokula. Kuku asiyeumwa hahitaji antibayotiki. Anayeumwa aonwe na daktari wa mifugo, na mayai yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Mayai ya kwanza yatakuwa madogo, mengine yana viini viwili, mengine hayana ganda gumu. Wiki mbili tatu za hivyo ni kawaida kabisa. Chakula kitapanda taratibu kutoka gramu 80 hadi 110 au 120 kwa kuku kwa siku. Kwa hawa wa kahawia, wiki ya 26 pitia banda usiku kwa tochi, papasa nyonga za kila kuku. Ambaye bado ni kidole kimoja wakati wenzake wanataga, muuze kwa ajili ya nyama.