Kabla ya kumwekea mpira mgonjwa wa kiharusi

Ndugu wanaouguza mgonjwa wa kiharusi hapa Mbeya huniomba sana jambo hili: "Sista, mwekeeni mpira wa mkojo tu." Nawaelewa. Shuka zikilowa mkojo usiku wa Julai, na baridi yetu hii, zitakauka lini? Lakini mpira ukikaa huleta maambukizi, tena hunifichia ninachokitafuta: kibofu chenyewe kinafanyaje kazi.

Kwanza nauliza ya zamani. Mzee alikuwa anaamka usiku kukojoa? Mkojo ulitoka kwa kukatikakatika? Tezi dume huenda ilikuwa imevimba kabla ya kiharusi. Nauliza kisukari, dawa za presha zinazokojoza, na choo kikubwa, maana kinyesi kilichokwama hukibana kibofu. Mkojo unapimwa pia.

Kisha mikono. Akimaliza kukojoa, nabonyeza taratibu na kugonga kwa vidole juu ya kinena. Pakiwa pamevimba na mlio ni mzito, mkojo umebaki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mgonjwa analowa kila mara, kumbe kibofu kimejaa pomoni na kinachotoka ni kile kinachofurika. Ukimfunga pampasi ukaondoka, umemwacha na tatizo lake. Altrasaundi ikiwepo tunapima mabaki. Isipokuwepo, tunapitisha katheta, yaani mpira wa mara moja tu, tunatoa mkojo, tunapima kwenye jagi na kuichomoa. Nikikuta mililita 300 au zaidi, namwita daktari.

Mwingine hubanwa ghafla na hawahi, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayokizuia kibofu imeumia.

Halafu kuna wale ambao kibofu chao ni kizima kabisa. Mama amepooza mkono wa kulia, kitenge kimefungwa mafundo mawili juu ya sketi, atakifunguaje? Au kauli imepotea, anapigapiga kitanda, nasi tunasema amechanganyikiwa. Kabla ya kumruhusu mtu arudi Makete au Tukuyu, nauliza choo kiko wapi na kama ataweza kuchuchumaa.

Anayemuuguza namwachia karatasi ya siku 3: saa, alichokunywa, alichokojoa, alilowa au la. Vikombe vya chai vihesabiwe pia. Na kama anameza salama, asinyimwe maji, maana mkojo mzito hukichokoza kibofu. Karatasi hiyo ndiyo hunipa ratiba ya kumpeleka chooni. Mara nyingi naanzia kila baada ya saa 2 wakati wa mchana, chupa ya kukojolea ikiwekwa upande wa mkono wenye nguvu.

Mpira naukubali mkojo ukigoma kutoka, au vidonda vya mgongo vikiwa vinalowa. Hata hivyo, tarehe ya kuutoa naiandika kwenye faili siku hiyohiyo.