Tuvalu haimezwi na bahari kama watu wanavyodhani

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Tuvalu, nchi ya visiwa 9 katika Pasifiki, inazama na ardhi yake inapungua kila mwaka. Vipimo vya picha za angani na setilaiti vinaonesha vingine: kati ya 1971 na 2014 eneo la nchi kavu liliongezeka kwa karibu 3%, kwa sababu mawimbi hutupa ufukweni mchanga na vipande vya matumbawe. Visiwa vingine vimeliwa upande mmoja, vikajengeka upande wa pili.

Hatari ipo, tena kubwa, ila haiji kwa njia hiyo. Bahari inapanda kweli. Wakati wa bamvua kubwa, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, hasa Januari hadi Machi, maji hayapiti ufukweni tu. Hububujika kutoka chini, kwani ardhi ya matumbawe ina matundu. Chumvi huingia kwenye mashimo ya pulaka, zao la jamii ya magimbi linalopandwa kwenye mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye maji yasiyo na chumvi chini ya ardhi, na mizizi huoza. Maji ya ardhini yakiingiwa na chumvi hayanyweki, ndiyo maana kaya hutegemea matangi ya mvua. Ardhi inaweza kuongezeka na bado isikalike.